Mume Wangu Alioga, Mama Akamsikia Marehemu Baba

Dada Ritha mpendwa, naomba unisaidie kabla mama yangu mzazi hajauza ng'ombe wake. Mume wangu Filbert ni dereva wa watalii, na koki ya bafuni kwetu ilipoanza kuvuja ndani ya ukuta, fundi bomba akashauri tusivunje vigae maana vya kufanana navyo havipatikani tena, afadhali kutoboa kwa nyuma, upande wa sebuleni, basi Filbert akaona kazi hiyo haihitaji fundi, akaangalia video kwenye simu, akatoboa, akafunga koki mpya iliyo ndogo kuliko tundu la ile ya zamani, na shimo la sebuleni akalifunika kwa picha ya marehemu baba yangu, eti kwa muda tu, mpaka tuone kama panavuja.

Jumapili jumuiya ikaja kusali kwetu. Filbert karudi kutoka kuwatembeza watalii kreta, na vumbi lake, kapitia mlango wa nyuma moja kwa moja bafuni, hajui kuna wageni, na sisi tuko katikati ya kuwaombea marehemu tukasikia sauti nyuma ya picha: "Naungua jamani. Huku ni moto pande zote." Kumbe kafungua maji ya baridi, yametoka ya moto.

Mama akapiga magoti. "Baba yenu yuko toharani," akasema, "na ananiomba mimi."

Mimi nilijua, Dada, lakini Filbert kanisihi ninyamaze. "Nitamtazamaje mkwe usoni? Nilikuwa uchi, na kati yetu ni picha tu." Sasa anaogea karai nyuma ya banda la kuku, na mama kila alasiri anakuja kukaa mbele ya picha, anamsimulia baba habari za mahindi na za magoti yake yanayouma, mimi napita zangu kwenda jikoni, na mnunuzi wa ng'ombe keshapatikana ili marehemu asomewe misa. Nikisema nitamvunja moyo, nikinyamaza ng'ombe anaondoka. Nifanyeje?

Laurencia, Ganako

*

Laurencia, nimecheka, kisha nimekasirika.

Mumeo alisahau kwamba anayefanya kazi nyuma ya ukuta, kushoto kwake ndiko kulia kwa anayeoga. Ndiyo maana bomba la moto limeingia mahali pa baridi. Zimeni hita, fungeni maji kuanzia kwenye tangi, mwiteni yule fundi ayageuze mabomba. Akimaliza, fungulieni maji mchana kutwa, mpitishe karatasi kavu kwenye kila kiungo. Ikilowa, kazi irudiwe. Pembeni ya koki pazibwe vizuri. Shimo la sebuleni msilizibe kwa saruji, wekeni kifuniko cha mbao chenye skrubu, siku ya kuvuja mkifungue. Picha ya mzee itafutiwe ukuta mwingine.

Mama aambiwe leo, kabla mnunuzi hajaleta kamba. Aseme Filbert mwenyewe, akiwa amevaa koti. Aibu ya mkwe hupoa, lakini ng'ombe aliyepakiwa gari la mnada harudi. Misa mama anaweza kuiomba parokiani bila kuuza mfugo.

Na wewe uliyekuwa ukimwona mama yako kila alasiri akizungumza na ukuta ukapita kwenda jikoni, hukuona anachotafuta? Akishaujua ukweli, usimwache aende zake. Chemsha chai, ukae mbele yake, akusimulie wewe habari za mahindi na magoti.