Kovu la Kikaango

4 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumai hujambo huko ulikokwenda kumtembelea dada yako, Mama Mkubwa, naye hajambo pia. Mimi ni mzima. Mwanao yuko safarini na lori, atakawia kurudi.

Mama, nina habari mbaya ya jikoni. Jana nilikuwa nakaanga vitunguu, mlango ukagongwa kwa kishindo. Nikaipua kikaango, nikakitua moja kwa moja juu ya kaunta. Aliyegonga alikuwa amekosea nyumba! Niliporudi, moshi. Mbao imeungua duara jeusi. Nikachukua kisu niikwangue, nikachimba na kishimo. Nilitaka kuficha kovu, nikaongeza donda.

Mtaa mzima unajua kaunta hiyo uliiranda kwa mikono yako, fundi mwenyewe. Nimeifunika kwa sinia, lakini kila nikipita naliinua nichungulie. Nifanyeje?

Mkweo

27 Machi

Mama,

Shikamoo tena. Afya yako? Sijapata jibu. Kama umekasirika, nigombeze nisikie. Kimya chako kinanikaanga kuliko vile vitunguu.

Mkweo

5 Aprili

Mkwe wangu,

Marahaba. Huku tunaendelea vizuri. Sikukasirika. Mbao si yai, haipasuki ikaisha.

Nenda karakana, kwenye droo ya chini kuna msasa. Anza na ule wa kukwaruza, uzungushie kipande cha ubao ili mkono usichimbe. Sugua kufuata nyuzi za mbao, usizikate. Weusi ukiisha, chukua msasa laini. Pangusa vumbi, paka mafuta ya mbao kwa kitambaa, acha yanywewe, kisha rudia. Kibonde kidogo kikibaki, kiache.

Mama mkwe wako

16 Aprili

Mama mpendwa,

Shikamoo. Unaendeleaje? Kaunta imepona! Mwanzo nilisugua kinyume, ikajaa mikwaruzo kama imepigana na paka. Nikakaa chini, nikalia kidogo, nikainuka nikaanza upya kwa kufuata nyuzi. Nilipopaka mafuta, rangi ikapanda kama chai iliyokolea. Ukipitisha kiganja unakisikia kibonde, ila jicho halikioni. Tangu hapo siachi kuipapasa. Sikujua kazi ya mikono ina utamu hivi.

Lakini Mama, mwandiko ule si wako. Wewe herufi zako hulala kama zimechoka. Zile zimesimama wima kama askari. Tena barua nzima hukunitania hata mara moja. Kuna nini? Usinifiche.

Mkweo

28 Aprili

Mkwe wangu,

Marahaba, mwenye macho makali. Anayeandika ni dada yangu, na sasa hivi anaguna kwa kuitwa askari.

Barua yako ya kwanza ilinikuta hospitali. Nilipata kiharusi. Mguu umerudi, naukokota. Mkono wa kulia haujarudi. Unaning'inia tu kama taulo. Mimi ndiye niliyesema msiambiwe. Habari kama hii haifai kumfikia dereva akiwa kwenye usukani, nawe nilijua usingeweza kumficha mumeo.

Nilikuwa nimeshaamua kubaki hukuhuku. Fundi asiye na mkono arudi kutazama randa zake zikiota kutu? Na wewe ni mke mchanga, hujamaliza hata kuizoea nyumba, nije nikuongezee mgonjwa wa kuogesha?

Kisha dada akanisomea ulivyosugua kinyume, ukalia, ukaanza upya. Nikamwambia asome tena. Nilicheka, kisha nikashindwa kujizuia, machozi yakanitoka. Nimepakumbuka nyumbani.

Sasa nakuuliza, weka kando adabu ya ukwe, nijibu kweli: utaniweza?

Mama mkwe wako

6 Mei

Mama,

Shikamoo. Pole, pole sana. Mama Mkubwa naye apokee shukrani zangu. Askari wake wameandika vizuri.

Mwanao aliingia jana. Nilimpa barua yako kabla hajavua viatu. Alilia, akanawa uso, akatoka vilevile kwenda kuomba ruhusa kazini. Jumamosi tunakuja wote wawili, mimi na yeye, kukuchukua.

Unauliza kama nitakuweza. Sijui, Mama. Sijawahi kumwogesha mtu mzima, na najua mimi nitaona haya kuliko wewe. Kuna siku nitakuchosha na kuna siku utaninunia. Lakini nyumba hii bila wewe ni kubwa mno, naongea na masufuria. Kitanda chako tumekihamishia chumba cha karibu na bafu, na mwanao anapigilia mti wa kushikilia ukutani. Anaupigilia upande upande, njoo umgombeze.

Halafu jirani wa nyuma ameleta kigoda kilichovunjika mguu. Nikamwambia asubiri, fundi yuko njiani. Akauliza, "Si nasikia mkono wake haufanyi kazi?" Nikamjibu mkono upo, ni huu wangu. Mdomo wa kuuamrisha ndio tunaoufuata Jumamosi, na huo, namjua mwenyewe, haukuguswa na kiharusi.

Mwanao