Masaa Mbili na Kidogo Mpaka Kinshasa

Clarisse, mutoto wangu wa kwanza,

Nakusalimia wewe, namusalimia bwana yako, na ule mutoto sijamubeba bado. Huku Lubumbashi, kwa commune yetu ya Kenya, tuko. Papa wako iko, goti tu njo inamusumbua. Ndugu yako Banza iko, anarudiaka kutoka kazi ya mugodi ya Kinsevere na vumbi mpaka kwa kope. Mudogo yako Georgette iko, anauzisha makala ya kupikia mbele ya parokia. Mama Alphonsine, jirani yetu, anauliza mutoto anafanana na nani. Nilimuambia nitaenda kuangalia.

Hii njo inanifanya niandike. Ulisema kwa telefone: "Mama, usikuje. Ni mbali. Mama wa bwana yangu atanikanda na maji ya moto." Nilinyamaza, juu bwana yako alikuwa karibu, na mukwe ni mutu wa heshima. Sasa nasema.

Mama wa bwana yako ni mutu muzuri, umusalimie sana. Lakini kwa uzazi wa kwanza, maji ya moto inawekwaka na mama yako mwenyewe. Kwetu ni vile. Wakati nilikuzaa, kambo wako, mama yangu, alitoka Kabalo na treni. Treni iliharibika njiani, akalala kwa gare, pale treni inasimamaka, mara tatu. Alifika hapa na sufuria mukubwa kwa kichwa, hakuomba hata kiti, aliuliza tu: "Moto iko wapi?" Ulipokuwa mudogo, kila mara nilipika maharagi ndani ya ile sufuria, uliniomba nikuelezee tena ile safari. Tukifika kwa kiti, unacheka.

Leo wewe njo unaniambia mbali?

Papa wako alisoma tiketi: ndeke inatoka Lubumbashi saa ine, inafika Kinshasa saa tano na dakika makumi mbili. Nilifurahi, nikaambia bote kwa soko, hata saa moja na nusu haifike. Papa wako akacheka mpaka akashika goti. Kumbe saa ya Kinshasa inakaaka nyuma ya yetu saa moja. Ni masaa mbili na kidogo. Basi, ikuwe mbili na kidogo. Maharagi inakawia kupita ile kwa moto. Siku ya mvua, mimi mwenyewe nakawia kupita ile kwa njia ya shamba letu la Kasungami, na jembe kwa bega.

Sikatae, naogopa. Sijapandaka ndeke. Kule juu sitaangalia dirisha, nitashika rozari, macho chini. Lakini hata wewe uliogopa, na ulizaa.

Tiketi imeshalipwa, usipoteze maneno. Siku ya Jeudi inayokuja, saa tano na dakika makumi mbili, saa ya kwenu, bwana yako aningojee kwa uwanja wa ndeke. Sikuulize kama nikuje.

Nakuuliza kitu kimoja tu, na unijibu mbio, mbele ya kufunga muzigo: kwenu munapikaka na makala ao na kura ya umeme? Juu sufuria ya kambo wako njo inakuja.

Ni mimi mama yako, sasa kambo wa mutoto.