Mombasa Nimerudi Bila Wewe

Kaka Mbwana,

Mola akupe nafasi huko ulikolala. Sisi tupo. Mimi mkono wa kulia umefungwa plasta na haya nayaandika kwa kushoto, kwa hivyo usinicheke hati. Ulikuwa ukinicheka hata nikiandika kwa mkono mzima.

Nimeizunguka miji yetu yote peke yangu. Tangu tukuzike hapa Kizingitini, kamba wetu hawana mwingine wa kuwapeleka sokoni, na chungu cha Mama hakijui msiba. Nafunga boksi la barafu, napanda boti, napanda basi, na kiti cha kando yangu anakaa mtu nisiyemjua. Namchukia bure, maskini, hajanifanya kitu.

Wakumbuka ulivyokuwa ukiipima miji? Wenzetu husifu majumba na taa. Wewe ulisema mji utaujua ukiona watu wake wanavyogombana. Malindi, ulisema, hupigana kwa midomo: wawili watatukanana mpaka adhana, kisha waswali safu moja. Nairobi haisemi. Nairobi hukupiga bega ukayumba, ukigeuka mwenyewe keshafika kona. Mombasa ndiyo uliyoipenda, kwa kuwa hukutania kwanza. "Mji wa watu huu," ulikuwa ukisema, na mimi nikikwambia watu gani, wezi watupu, nawe ukinipiga konzi.

Safari hii Malindi haikunitukana. Tajiri wetu wa kamba alinipa mkono wa tanzia, akakusifu, akanimiminia chai, na chai haijapoa akashusha bei. Nililiinua boksi lote nikammwagia miguuni, barafu na kamba wake. Akapanda juu ya kiti akiniita mwendawazimu. Sijutii. Nairobi nikapigwa bega, nikarudisha bega kwa nguvu zangu zote, mtu akaenda chini na mzigo wake. Sikugeuka. Nilijiona nimeshakuwa mwenyeji, na nikajichukia kidogo, lakini kidogo tu.

Mombasa nikaihepa. Nilikuwa nikiipita ndani ya basi nimejifunika kanga ya Mama kichwani.

Ujue nilivyoelezwa siku ile ya kifo chako hapo Mombasa, maana saa ile mimi nilikuwa nimekwenda kukata tiketi. Wasema uliona ng'ambo ya ndia mzee mwenye bakora. Ukadhani ni yule Bwana wa Pate aliyetufunza kirumbizi, mchezo wetu wa fimbo. Ukainua bakora yako, ukamwendea kwa ncha za vidole, mabega yakicheza, kama afanyavyo mwanamume yeyote wa kwetu akikutana na mshindani wake. Hapa kwetu mzee angeinua yake, mkagonganisha fimbo mara mbili tatu, mkakumbatiana, na watu wakacheka. Lakini yule hakuwa wa kwetu. Aliona mtu mzima anamjia fimbo juu. Akapiga ukelele, akaanguka. Muuza madafu aliyekuwa pembeni akasema mwizi, akaokota jiwe.

Jiwe la kwanza ni lake. Najua kwa sababu kuna mtu alipiga video kwa simu akaisambaza, ikafika Kizingitini kabla ya maiti yako. Kaka, Mama aliiona.

Hapo ndipo nilipoapa. Safari ya mwisho niliichukua bakora yako, Mama akanitazama mkononi, akasema, "Usinitilie damu nyumba hii, wewe." Nikamwambia naenda kuuza kamba.

Nilimkuta yule muuza madafu palepale, mkokoteni uleule, anachechemea vilevile kama kwenye video. Alikuwa akichonga dafu huku akimtania mteja wake. Hicho ndicho kilichonipandisha, kumuona anacheka. Sikumpa salamu. Bakora ya kwanza nilimpiga kifundo cha mkono, panga likaanguka. Ya pili bega. Ya tatu muundi, akaenda chini. Ulinifunza vizuri, lakini huko kwenye mchezo hatupigi kwa hasira, na mimi siku ile nilikuwa hasira tupu. Nikapaza sauti, "Muuaji huyu!"

Hawakuniuliza amemuua nani. Walikuja, wallahi, kama walikuwa wamejibanza wakisubiri kuitwa. Mwanamke mmoja alivua kiatu. Kijana mmoja aling'oa chuma cha mkokoteni. Mawe yakaanza, na walikuwa na furaha, kaka, nyuso zao zilikuwa na furaha. Nami nikarudi nyuma kuwapa nafasi. Sikufichi. Nilitaka wammalize.

Kisha jiwe likampata kinywani, akamwita mamake.

Sijui nikwambie nini juu ya hapo. Nilijikuta nimemlalia. Mawe yakanipata mgongoni, kile chuma kikaushukia mkono huu, nikausikia ulivyovunjika. Nilipiga kelele wasinisikie, nikasema nimekosea wasinisikie, mpaka niliposema, "Huyu ni kaka yangu! Ni ugomvi wa nyumbani!" Ndipo wakaacha. Wengine walinuna, kama watu walionyang'anywa sahani.

Nilimpa jina lako la heshima yule, Mbwana. Nilimwita kaka. Unisamehe, halikuwapo jingine la kuwasimamisha.

Tulikaa nyuma ya mkokoteni, yeye akitema damu na mimi nimeukumbatia mkono wangu. Akaniuliza, "Kwani nimekukosea nini?" Nikamwambia umemuua ndugu yangu hapa hapa, kwa jiwe. Akafikiri. Nilimuona akifikiri. Akauliza, "Yupi?"

Kaka, aliuliza yupi.

Ningeweza kumkaba kwa mkono mmoja uliobaki, na panga lilikuwa karibu. Badala yake nilimwambia jina lako, Mbwana bin Shee bin Athman wa Kizingitini, nikamwambia alitamke. Alilitamka akakosea la babu. Nikamrudisha. Akakosea tena, midomo imevimba, analia. Nikamrudisha mpaka likatoka sawasawa.

Niliporudi nyumbani Mama akaniuliza mkono umefanyaje, nikamwambia nimeteleza gatini. Hakuniamini. Amenikanda mafuta mabegani, na bakora yako hajaiulizia.

Lala, kaka. Nakuombea kila swala, hata ile ya alfajiri ambayo ulikuwa hunitegemei kuamka. Plasta ikifunguliwa nitarudi Mombasa na kamba wangu, na sitajifunika kanga. Kila nikipita nitasimama kwenye ule mkokoteni, sitanunua dafu, nitamtaka alitamke jina lako, lako na la baba na la babu. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako. Sijamsamehe. Na siku nitakayofika nikute amelisahau, Mungu atusitiri, mimi na yeye.

Nduguyo,
Shali