Picha Uliyoniamuru Nifute

Kwako Mama, huko uliko,

Leo nakiri kosa, na sitaomba msamaha. Ile picha uliyoniambia nifute, sikuifuta.

Unakumbuka siku ile kiwandani Githongo? Tulikuwa tumekaa juu ya magunia tukichagua kahawa, mbivu huku, mbichi kule, karani wa mizani akateleza kwenye maganda akaketi ndani ya debe. Ulicheka mpaka ukasahau kufunika mdomo. Nami nilikuwa na simu yangu ya kwanza yenye kamera. Ulipoiona picha ulikunja uso. "Futa hiyo kitu saa hii. Unataka watu wa kanisa waone hii pengo?" Nikabonyeza kitufe chochote, nikakudanganya kwamba imeenda.

Kwa jinsi ulivyoikimbia kamera, ulipotuacha hatukuwa na picha nyingine ila ya kitambulisho. Ndiyo tuliyoiweka kwenye programu ya mazishi, umenuna kama mtu aliyenyimwa mbolea. Kisha nikapata binti, nikampa jina lako, Kawira, kama desturi yetu inavyotaka. Kila nilipomwonyesha picha hiyo ya wajina wake, alijificha nyuma ya sketi yangu. Iliniuma sana, mtoto kubeba jina la mtu anayemwogopa.

Mwezi uliopita niliipata simu ile ya zamani; haiwaki tena, ila kadi yake ya kumbukumbu bado inasomeka. Picha ilikuwamo, lakini faili lilihifadhiwa kwa muundo wa simu za enzi hizo, na hakuna kompyuta iliyokubali kulifungua. Kaka Mwenda, mjuaji wako yule yule, akasema nibadilishe tu herufi za mwisho za jina la faili ziwe kama za picha za siku hizi. Nikabadilisha. Ilikuwa sawa na kumvalisha mbuzi sare ya shule na kungoja asome. Nikaenda saiba moja, duka la intaneti, mjini Meru. "Hii format ilikufa kitambo, madam," dada wa pale akaniambia. "Wachana nayo tu." Nilitoka nimefura.

Unanijua nikiambiwa haiwezekani. Nilirudi nyumbani, nikatoa nakala kwanza nisije nikaliharibu faili lenyewe, nikatafuta mtandaoni tovuti zinazobadilisha picha za simu za kale. Ya kwanza ilikataa. Ya pili pia. Ya tatu ikaniuliza nataka muundo gani, nikachagua, nikabonyeza, kamstari kakatambaa polepole, na ukatokea wewe. Mdogo kama stempu, ukungu pembeni, lakini wewe kabisa, kichwa nyuma, pengo wazi. Nilipiga vigelegele jikoni hadi jirani akaja mbio na mwiko mkononi.

Nimeichapisha. Iko sebuleni, na watu wa kanisa wote wameiona, na huna la kunifanya. Nimeshinda, Mama, na ninajisifu bila aibu.

Jana Kawira mdogo aliburuta kiti, akapanda kukutazama vizuri. Hakujificha.

"Mum, shosho anacheka nini?"

Nikaanza kumweleza, kicheko kikanishika katikati ya maneno. Naye akacheka, bila hata kujua sababu, mkono mmoja juu ya kioo cha picha, na kwa mara ya kwanza nyumbani mwangu tukacheka sote watatu.

Wako asiyetii,
Kitinda mimba wako