Nyongeza ya Pumzi

Bwera, 3 Machi 2025

Mwanangu Kellen,

Hujambo? Mjukuu wangu naye hajambo? Mshono wa uzazi unaendeleaje? Usinyanyue ndoo, nakujua. Sisi tuko, isipokuwa baba yako. Jana pumzi ilimkata akiwa anafunga viatu tu, midomo ikabadilika rangi, tukamleta hospitali. Nakuandikia ujumbe kwa simu kwa sababu wodini hawataki watu waongee, na sauti yangu ya sokoni unaijua. Mlio nimeuzima kabisa.

Daktari anasema mapafu yameshindwa kazi. Nikauliza, yameshindwaje na kifua bado kinapanda na kushuka? Akaeleza kwa Kiingereza, nami nikaitikia kama niliyeelewa. Wamempachika mpira wa oksijeni puani. Kidoleni ana kibanio kinachoonyesha namba: themanini na tisa. Jirani yetu wa kitanda cha pili, mume wa Jeanine kutoka Butembo, ana tisini na nane! Wewe unafundisha sayansi, nieleze. Baba yako atapona?

Mama yako,
Medius

Kasese, 4 Machi

Mama mpendwa,

Pole na kuuguza. Umekula? Sisi wazima, mtoto ananyonya bila huruma.

Mapafu si mfuko mmoja. Ndani mna vifuko vidogo mno, mamilioni, kuta zake nyembamba, na damu inapita upande wa pili. Fikiria mpaka wa Mpondwe. Oksijeni inavuka kuingia kwenye damu, na hewa chafu ya mwili inavuka kutoka. Kifua kikipanda, malori yamefika tu. Kazi yenyewe ni kuvuka. Baba amekausha samaki kwa moshi tangu sijazaliwa, na tumbaku juu yake. Mageti mengi yamebomoka. Oksijeni haiingii ya kutosha, na ile chafu nayo... Mtoto analia, nitamalizia kesho. Naogopa, mama. Msalimie sana.

Mwanao,
Kellen

Bwera, 5 Machi

Mwanangu,

Mmeamkaje? Leo nina furaha. Maneno yako yameniingia: damu ya baba yako ina njaa. Asubuhi Jeanine akaniambia, "Mama, muzee wako banamupatia pumuzi kidogo sana. Mugonjwa habamupimiake vile."

Yaani wanampunja! Nikaona aibu. Tangu lini nikampimia mtu maharage bila nyongeza? Hata mteja mgomvi namwekea kiganja kimoja juu. Leo mume wangu ndiye apimiwe kibahili? Nesi alipotoka nikakizungusha kile kidude cha kwenye mtungi wa oksijeni, kidogo, kisha kidogo tena. Namba ikapanda mpaka tisini na saba! Sasa amelala fofofo, hata nzi akimtua usoni hana habari. Tangu tufike hajalala hivi. Mungu ni mwema. Nawe ulale.

Mama yako,
Medius

Kasese, 5 Machi

Mama, mwite nesi sasa hivi. Nimepiga simu, hupokei. Mwambie uliongeza oksijeni na baba haamki. Huo si usingizi wa kupumzika. Kwa mapafu kama yake, oksijeni ikizidi, hewa chafu hujaa kwenye damu, nayo inalevya mpaka mtu anasahau kupumua. Kipimo kile kidogo ndicho kilichokuwa dawa yake. Usikiguse tena kile kidude, mwite nesi tu. Mjomba Nobert yuko Mpondwe, nimemwambia apande boda aje mbio. Mama, jibu.

Kellen

Kasese, 7 Machi

Mama mpendwa,

Habari za huko? Mshono wangu umekauka. Mjomba amenieleza yote: alivyoingia akiita nesi tangu mlangoni, Nesi Saudah alivyorudisha kipimo, akamketisha baba na kumsemesha asirudi usingizini, mpaka akafungua macho na kuuliza ni saa ngapi. Nimelia kwa furaha. Lakini wewe huandiki, na simu hupokei. Mama, usijifungie. Mimi nilikuachia somo nusu, na wewe ukafanya unavyofanyia watu wote. Niandikie hata neno moja.

Mwanao,
Kellen

Bwera, 9 Machi

Mwanangu Kellen,

Nashukuru kusikia mshono umekauka. Bado ndoo uiache.

Nilinyamaza kwa aibu. Nesi hakunigombeza, heri angenigombeza. Jeanine amelia kuliko mimi. Nimemwambia asijisumbue, mkono ulikuwa wangu. Daktari safari hii amesema kwa Kiswahili: mageti yaliyobomoka hayajengwi tena. Baba yako atarudi nyumbani, lakini moshi basi, na kile kilima cha kwetu atakipanda akipumzika njiani. Nimesema sawa. Nitapumzika naye.

Leo nimemwambia mwenyewe, kwa sababu alikuwa hajui. Nimesema, "Baba Kellen, ni mimi niliyezungusha ule mtungi. Nilikaribia kukuua." Nikatamani kutoka nje. Siku hizi maneno yake yanakatika, pumzi haimfikishi mwisho.

"Medius," akasema, akavuta hewa. "Kaa hapa."

Nikakaa pembeni ya kitanda. Akauchukua mkono wangu akauweka kifuani pake, kikawa kinapanda na kushuka polepole, akafumba macho. Nikamwita kwa hofu. Akasema, "Niko macho, mwanamke."

Herufi zikiwa zimerukwa unisamehe. Naandika kwa mkono mmoja. Ule mwingine nimemwomba mara mbili, amekataa kuuachia.

Mama yako,
Medius