Gome la Bibi Kalunde

Ipuli,
Tabora.
14 Juni 2024

Mpendwa Kaka Masolwa,

Shikamoo. Miguu inaendeleaje? Na wifi Janeti, hajambo huko Mtwara? Sisi huku tu wazima, ila mimi nimekosa raha wiki ya pili sasa.

Kazi yangu ya maabara unaijua, ile unayoiita kupika magome. Naloweka magome ya miti ya jamii ya kunde kwenye spiriti, nadondosha maji yake kwenye kijisahani, na kila mti unaacha madoa yake. Kwa madoa hayo tunajua upi ni ndugu wa upi, na tawi lipi lilijitenga zamani. Mwavi na mkarati ni ndugu, tena wanafanana sana. Sumu iko kwenye mwavi tu.

Basi kwa kiherehere changu nikakata kipande cha gome la Bibi Kalunde, lile alilotuachia baba. Hadithi unaijua. Wapagazi watatu walikufa kambini, kwenye njia ya misafara, baada ya kula chakula kilichopikwa na Bibi, yaani mama yake babu, na jirani yake Nyamizi. Wote wawili wakanyweshwa mwavi ili ijulikane mchawi ni nani: asiye na hatia hupona. Bibi akapona, Nyamizi akafa, na gome likawekwa liwe shahidi wetu.

Kaka, gome letu si mwavi. Nilidhani uzee umemaliza sumu, nikarudia mara tatu. Madoa yote ni ya mkarati.

Aliyetumwa kubandua magome alikuwa mume wa Bibi, fundi wa mizinga ya nyuki. Yule hakuweza kukosea mti. Bila yeye mimi na wewe tusingekuwepo. Lakini alibandua magome mawili, na la pili, lile la Nyamizi, alilijua pia.

Unakumbuka mama alivyolichovya kwenye maji tukanywa kabla ya safari? Hatukuumwa, tukaambiwa ni kwa sababu damu yetu ni safi. Sasa ule uchungu umenirudia mdomoni, hata chai haiuondoi. Nikipita karibu na kabati lilimo gome nanyata, kana kwamba kuna mtu ndani nisiyetaka aamke. Naogopa, kaka.

Umemkataza Dismasi kumwoa Stela kwa kuwa ni wa uzao wa Nyamizi, ukoo wa wachawi. Nami nilikuunga mkono, naona aibu. Tafadhali mpigie mwanao, mwambie aoe, na sababu umweleze kwa kinywa chako.

Msalimie sana wifi, na Reveriani mdogo umbusu kwa niaba yangu. Mungu awalinde, na sisi atusamehe.

Stela ameniambia kwao hakuna aliyewahi kuthubutu kumpa mtoto jina la yule bibi yao. Wakijaliwa wa kike, kaka, tumwite Nyamizi sisi.

Mdogo wako akupendaye, na kukuogopa kidogo,
Dafrosa