Fuwele Chini ya Chupa

Jumanne, 8 Julai
Uji nusu kikombe. Vidonge vitatu. Umande umeganda tena kwenye majani ya viazi. Mjukuu wangu Upendo, mfamasia, amekuja na daftari langu la zamani la hospitali, nilimoandika jinsi nilivyochanganya dawa. Karakana yake ya dawa kule Makambako itatengeneza dawa yangu ya maji ya kifafa, ya watoto. Anataka ibebe jina langu. Nilitabasamu tu. Mwoga mimi.

Jumatano, 9 Julai
Kifua kibaya. Daktari amesema ni suala la miezi. Basi niandike.
Wazazi wa vijijini, Walutheri wa kweli, walikataa kuwapa watoto dawa inayonuka pombe. Nikapunguza spiriti. Wakakubali. Lakini spiriti ndiyo iliyoyeyusha dawa. Baridi ilipoingia, fuwele zikaota chini ya chupa. Juu dawa hafifu, chini kali mno. Kila mkaguzi alipokuja nilizamisha chupa kwenye maji ya moto mpaka fuwele zikapotea. Alipoondoka, zilirudi.
Mtoto mmoja wa kijiji cha Kifanya alinyweshwa vijiko vya mwisho vya chupa. Alilala siku mbili. Aliamka. Nilimwambia mama yake ni uchovu wa degedege. Daftarini sikuandika kitu.

Ijumaa, 11 Julai
Upendo ameweka chupa ya majaribio dirishani kwangu, kwenye baridi. Safi kabisa, fuwele hakuna.

Jumapili, 13 Julai
Bado safi. Nikawaza: labda viungo vya siku hizi ni bora, labda ninyamaze nife na sifa zangu. Nimejichukia.
Upendo alipita baada ya ibada. "Kamwene, babu," akanisalimu. Nikamwambia yote, bila kupumzika. Akasema: "Babu! Chupa za mkaguzi ulizichemsha kama mayai?" Nilicheka, yeye hakucheka. Amesimamisha kazi. Chupa ya dirishani anaipeleka Dar es Salaam, chuoni, kwenye hadubini ya elektroni. Anasema macho hayatoshi.

Alhamisi, 24 Julai
Picha imefika. Waliichuja dawa, wakakausha kilichobaki, wakakipaka tabaka jembamba la dhahabu ili kionekane. Dhahabu, juu ya kosa langu! Fuwele zenye umbo la sindano, zimelaliana kama nyasi zilizokatwa. Ndogo kuliko vumbi. Na chupa ilikuwa bado safi kwa macho. Mkaguzi yeyote angeipitisha.
Aibu. Halafu nafuu kubwa, sijui kuieleza.
Upendo amemwaga chupa zote za dawa hiyo. Atarudisha sehemu ya spiriti na kuongeza gliserini, ili dawa ibaki imeyeyuka hata kwenye baridi. Wazazi ataongea nao mwenyewe, jambo ambalo mimi sikuwahi kujaribu. Mama wa Kifanya yu hai, nimemwandikia barua.
Akaniuliza, "Na dawa nyingine humu daftarini, babu, zina siri gani?" Mbili zina. Nimezitaja.

Jumamosi, 16 Agosti
Siandiki vizuri.
Chupa ya dawa mpya ilikaa wiki mbili kwenye baridi kabla ya kupelekwa chuoni. Leo Upendo ameniletea picha yake, akanishikia karibu na macho. Kijivu kitupu kutoka pembe hadi pembe, sindano hata moja hakuna. Nikamwomba anionyeshe nyingine, na nyingine. Zote hivyo hivyo.
Tumezitazama muda mrefu. Kisha akaenda kazini.